Binti Yangu Anaolewa Ghorofani, Mimi Nimewekewa Skrini Chini

Admin, jina langu libaki kwako.

Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba mlemavu asiyelalamika ameridhika. Nina miaka sitini na saba, mwalimu mstaafu kutoka Tanga. Polio ilinipooza miguu nikiwa mdogo, natumia kiti cha magurudumu. Nilipopewa ualimu mkuu nilikataa, nikasema sina tamaa ya vyeo. Ukweli ni kwamba ofisi ilikuwa ghorofani. Binti yangu mkubwa alipoolewa, msikiti ulikuwa na ngazi, nikampa mdogo wangu uwakala wa kumwozesha. Nilikaa nje kwenye jua nikisikiliza kipaza sauti. Tena nikamshukuru!

Sasa niko Uingereza, Birmingham, mtaa wa Ladywood, kwa mwanangu wa kiume. Nimekuja kumwozesha binti yangu wa mwisho, anayeishi hapa.

Wiki iliyopita mimi na mwanangu huyo tulipanda basi kwenda mjini. Dereva alibonyeza kitufe, basi likainama, ubao ukatoka, nikaingia mwenyewe. Hakuna aliyeninyanyua kama gunia. Nikamshukuru dereva mara nne, kichwa chini. Mama mmoja Mkongo, mwenye mguu mmoja, alikuwa kiti cha mbele. Alitusikia tukizungumza Kiswahili.

"Papa, weye ulilipa tike ao haukulipa?"

"Nimelipa."

"Sasa unamupigia dereva magoti ya nini? Mimi goti yangu moja ilibakia Bukavu, na ingine simupigie mutu."

Nilicheka. Halafu hasira ikanishika, na mpaka leo haijaniachia. Niwaeleze kwa nini. Nilichokiita hisani ya watu kwa miaka sitini kilikuwa kazi ya ubao mmoja. Ualimu mkuu niliukosa kwa kukosa ubao. Harusi ya binti yangu mkubwa niliikosa kwa kukosa ubao. Na mimi msomi mzima nililaumu miguu yangu.

Jumapili mwanangu akaniambia, "Baba, ndoa itafungwa Hockley, ukumbi uko juu ya karakana. Lifti haipo, na tushaubuku. Ba'mdogo anakuja, mpe uwakala kama kule nyumbani. Wewe tutakuwekea skrini chini, utaona laivu."

"Kwa nini isifungwe huko chini?"

"Pabaya, Baba, picha hazitatoka. Ukitaka vijana watakubeba. Kwani wewe tangu lini mtu wa makuu?"

Nikamjibu, "Mimi ndiye walii. Bila idhini yangu hakuna ndoa, na idhini hiyo nitaitoa kwa mdomo wangu, nikiwa nimekaa mbele ya bwana harusi."

Akaniangalia kama nimerukwa na akili. Jioni binti yangu akapiga simu analia: "Baba please, usinifanyie hivi, it's my day." Sikumlaumu, kwa sababu ukumbi hakuuchagua yeye.

Harusi ni Jumamosi hii. Nikitoa uwakala, nitakuwa nimejifungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe, mara ya pili. Nikikataa, atakayeumia ni yeye, na huenda asinisamehe. Nishaurini kwa kweli, nishike msimamo au niwaachie? Ila msiniambie nishukuru. Nimeshukuru vya kutosha.

Na wewe mwenye shughuli mbele yako, kabla hujanijibu, mpigie simu leo mwenye ukumbi umuulize mtu wa kiti cha magurudumu ataingiaje.