Siki ya Mama na Sinia la Ugali

Mama alipogundulika ana sukari, kilichomuuma si vidonge. Ni sahani. Kwetu hapa mtaa wa Kambarage, kama ilivyokuwa kijijini, ugali unakaa katikati ya sinia na kila mtu anamega. Muuguzi wa kliniki alisema wake upimwe, kiasi cha ngumi. Nikawa nampakulia pembeni, naye anakula ametugeuzia mgongo.

Habari ya siki aliileta jirani. Kijiko kimoja kwenye glasi ya maji kabla ya kula, sukari haipandi sana. Tukajaribu. Tulipopima baada ya chakula, kipimo kilisoma chini kidogo kuliko siku zote. Tulipomweleza muuguzi, hakubisha.

"Inaweza kusaidia kidogo, mama. Ila si dawa. Vidonge usiache, na ugali ubaki kiasi kile kile."

Mama aliondoka na neno moja tu: inasaidia.

Jioni ile alimeza siki yake, akakunja uso, akasogeza kigoda hadi kwenye sinia. "Mimi nimeshajikinga," akasema, akamega tonge la haja. Watoto wangu walishangilia. Na mimi nilifurahi, sitadanganya. Vidonge aliviacha kimyakimya.

Miezi ikapita. Asubuhi moja tukiwa jikoni nikasikia harufu ya nyama inayoungua. Nikafunua sufuria: michembe tu, viazi vitamu vilivyokaushwa, inachemka. Mama alikuwa amesimama pekupeku, na kaa la moto lililodondoka kutoka kwenye jiko lilikuwa chini ya unyayo wake.

"Mayu, mguu!" nikampigia mama kelele.

Alitazama chini taratibu. Hakuwa amehisi chochote.

Kidonda kikagoma kupona, hospitali wakamkata vidole viwili vya mguu. Ndugu walilia pale wodini. Mimi nilikuwa nakunja khanga zake, nazifungua, nazikunja tena. Sikuhisi kitu, hata huruma.

Aliporudi nyumbani nilikuwa nimenunua sahani za kututosha wote. Vidonge anavimeza mbele yangu. Siki imebaki ya kachumbari. Jioni ya kwanza nilimpakulia kila mtu ya kwake, sinia nikaliegemeza ukutani. Mama alizitazama sahani zetu, moja baada ya nyingine.

"Nani tena anaumwa?"

"Hakuna, mayu."

"Basi watoto wawekee sinia lao. Wasizoee kula hivi."

Akachukua sahani yake, akageuza kigoda, akatuelekezea mgongo.