Mchora Mwezi wa Posta

Mjomba wangu aliogopa hata kupanda ngazi ya kubadilishia balbu, lakini ndiye aliyepewa kazi ya kuchora safari zote za angani za nchi yetu. Nasema za nchi yetu kwa heshima tu, maana hatujawahi kurusha kitu angani zaidi ya vumbi. Ila Posta iligundua kwamba wako watu ng'ambo wanaokusanya stempu, na kwamba watu hao wakiona roketi hufungua pochi bila kuuliza. Basi kila ilipotimia miaka kadhaa tangu mtu wa kwao akanyage mahali fulani huko juu, sisi tulitoa stempu za ukumbusho, kana kwamba tulikuwepo siku hiyo tukimshikia taa.

Aliyezichora zote ni yeye, kaka yake mama. Kazini walimwita Roketi. Chumba chake kilikuwa nyuma ya ukumbi wa kupangia barua, dirisha limekodolea ukuta, na ndani mlikuwa na meza ya mshazari, taa ya shingo ndefu, makopo ya maziwa yaliyojaa brashi, na ndoo ya maji ambayo wafagiaji waliiazima kila asubuhi na kuirudisha ina povu. Humo alikaa akichora vyombo vya anga kutoka vitabu vya maktaba, parafujo kwa parafujo, na mtu akimwambia parafujo hazitaonekana alijibu kwamba yeye anazijua zilipo.

Wengi wanadhani stempu huchorwa ndogo. La. Mjomba alichora kwenye ubao mkubwa kama sinia la kupakulia wageni, kwa rangi za maji, kisha wachapaji wakaipiga picha na kuipunguza mpaka ikatosha kwenye kona ya bahasha. Picha yenyewe ilibaki Posta. Ilikuwa mali ya umma, na mali ya umma haikutoka mlangoni hata aliyeichora angelia machozi.

Hilo lilimkera kwa sababu ya mkewe. Mkaza mjomba alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwenye mdomo wake, na tangu waoane hakuwahi kuona kazi ya mumewe ikiwa kubwa kuliko kifungo.

"Siku nzima ulikuwa unachora hiki?" alikuwa akimuuliza, stempu iko kwenye ncha ya kidole. "Mzee, mimi mwenzio leo nimemaliza suti."

Mjomba alicheka. Alicheka hivyo miaka na miaka, mpaka mkewe alipoanza kupitisha uzi pembeni mwa sindano na kutusingizia sisi kwamba tunamnunulia sindano zisizo na tundu. Daktari alisema ni presha ya macho, imegunduliwa imechelewa, dawa ya matone itasogeza siku mbele tu. Tulirudi nyumbani na kichupa cha dawa. Mimi naishi nao, ndimi niliyekuwa nikimtia hayo matone, na jioni ile mjomba aliniita uani.

"Lazima aione moja," alisema. "Moja tu, ikiwa nzima, kabla hajaingia gizani."

Mara hiyo alikuwa na kazi mpya mezani, ukumbusho mwingine wa mtu kufika mwezini. Aliichora kwa ajili ya mkewe, ingawa Posta ndiyo iliyolipa. Ilikuwa dunia inavyoonekana ukiwa mwezini: ardhi ya kijivu chini, anga nyeusi tii, na dunia iko peke yake huko mbali, ya bluu, ina mawingu. Mwanaanga mmoja amesimama pembeni, ametupa mgongo, anaitazama. Kisha ikapelekwa kwenye Kamati ya Stempu, na yaliyotokea humo mjomba alitusimulia mezani huku akiigiza sauti zao.

"Mbona nyeusi hivi?" Mkurugenzi aliuliza. "Kuna msiba?"

"Ni anga, mheshimiwa."

"Anga ni ya bluu. Hata mtoto wa chekechea anajua."

Mwanasheria wa Posta yeye alitaka kuhakikishiwa kwamba mwezi hauna mwenyewe, tusije tukashtakiwa. Walipokwisha kujadili hilo, wakaenda chai. Waliporudi, Mkurugenzi akasema kwamba stempu ni ya Posta, kwa hiyo mwanaanga abebe mfuko wa barua. Mjomba akauchora. Kikao kilichofuata wakataka mwanaanga ageuke, si adabu kuwapa wateja mgongo. Akamgeuza. Kikao kingine wakataka afungue kioo cha kofia, sura ionekane.

"Sura ya nani, mheshimiwa?"

"Ya mtu yeyote," Mkurugenzi alisema, akakaa kiupandeupande ili mjomba apate kuuona vizuri upande wake mzuri. "Ila awe na sura ya uongozi."

Mjomba alimweleza kwa upole kwamba mtu akifungua kofia mwezini anakufa papo hapo. Mkurugenzi akasema wafanyakazi wa Posta ni wavumilivu. Basi mjomba akachora uso, akachora mashavu, akachora na masharubu, na yote hayo yalikula miezi, maana kamati haikuweza kukaa bila mjumbe mmoja ambaye kila mara alikuwa semina. Dunia yenyewe hakuigusa. Kila wakimwongezea neno, alikubali upesi ili waiache dunia yake salama. Wakati huo mkaza mjomba alikwisha kuifunika cherehani yake kitambaa, na alipokuja mgeni aligeuka kwanza upande usio wake.

Stempu ikatoka. Uso wa uongozi ulikuwa kidoa ambacho ungedhani nzi alipita hapo. Mkurugenzi aliutazama kwa kioo cha kukuzia, akasema amefanana kabisa. Mjomba akaona hapo ndipo penye mwanya, akaomba aazimwe picha Jumamosi moja, mkewe aione.

"Ni mali ya umma," mwanasheria alisema.

"Mke wangu naye ni umma."

"Ni umma, ndiyo, lakini si mmoja mmoja."

Akaomba basi aje naye ofisini. Akaambiwa chumba cha stempu ni eneo la usalama, wageni hawaingii bila idhini ya kamati. Mjumbe yule alikuwa semina tena.

Ndipo upepo wa mvua ukavunja kioo cha dirisha la Mkurugenzi. Stoo haikuwa na kioo, na kununua kioo kulihitaji zabuni. Seremala akatumwa atafute ubao wowote unaotosha, akapekua, akarudi na mwezi wa mjomba. Akataka kuugongomea uso ukiwa ndani, ila Mkurugenzi akamkataza. Sura ielekee mtaani, alisema, umma umwone. Hivyo ile mali isiyoweza kutoka mlangoni ikatolewa dirishani, misumari kwenye kona zote, wala hakuna aliyeitisha kikao.

Mjomba alifika nyumbani mchana akihema, kola imelowa jasho.

"Mama watoto, vaa viatu. Twende."

"Wapi tena? Sijachana nywele."

"Vaa hivyohivyo. Mvua inarudi, na ile ni rangi ya maji!"

Tulikwenda, mimi nimemshika mkono mmoja na mjomba mwingine, tukasimama ng'ambo ya barabara mbele ya duka la kutoa nakala. Ghorofa ya pili ya Posta ina madirisha kwa safu, na pale katikati niliiona. Nilikuwa sijawahi kuiona mimi pia. Mfuko wa barua ulikuwa wa kijinga, na masharubu ndiyo usiseme, lakini dunia ile ilikuwa nzuri kiasi kwamba nilisahau kumkasirikia mtu.

"Inua uso," mjomba alimwambia mkewe. "Juu hapo. Unaiona?"

Mkaza mjomba aliinua uso. Alitafuta, akatafuta, kisha akatulia, na uso wake ukakunjuka.

"Naiona," alisema. "Yallah, mzee, kumbe ni kubwa hivi! Na mimi siku zote nakucheka. Hii inang'aa. Na huo weupe unaosogea?"

Picha haikuwa na kitu kinachosogea. Nilifuata macho yake. Alikuwa akitazama dirisha la jirani, lenye kioo chake kizima, na ndani ya kioo mawingu ya mvua yalikuwa yakipita. Niliichukia kamati ile yote, na chai yao, na semina zao, nikamshika bega ili nimgeuze. Mjomba alinikata jicho nikauondoa mkono.

Alisogea karibu na mkewe, akaipa kisogo picha yake mwenyewe, akaangalia alikokuwa akiangalia yeye.

"Hayo ni mawingu ya dunia," alimwambia. "Hapo ninaponyoosha kidole, chini yake kidogo, ndipo tulipo sisi."