Siku Kompyuta Ilipoona Gunia Moja

Aibu hii ikinijia hata leo nikiwa peke yangu nafunika uso, na niseme ukweli, nilijitakia mwenyewe.

Nilikuwa karani kwenye shamba la ngano la serikali kule Hanang, nimetoka kusomea kompyuta Arusha wiki sita tu (kwa maringo yangu ungedhani nimeiunda mimi), na siku hiyo naonyesha mashine yetu ya kwanza mbele ya meneja na wageni wa wilayani, moyo unanidunda kwa furaha, maana programu niliiandika mwenyewe: ukiingiza idadi ya magunia, inakupa idadi ya malori ya kuyabeba.

Nikamwita Mzee Bura, mhesabu magunia wetu wa miaka mingi. "Shikamoo mzee, karibu uandike." Akaandika idadi ya magunia yaliyosubiri Gehandu kama alivyozoea kwenye daftari lake, 1,240, na mkato wake safi baada ya elfu. Mashine ikatoa maneno ya Kiingereza, nami sikuyaelewa hata kidogo.

"Inasemaje?" mzee akauliza.

Wageni wananitazama. "Inakushukuru tu, mzee, endelea."

Makofi, na karatasi ikatoka: lori moja.

Basi meneja akayaachia malori mengine ya shamba yaende kubeba mizigo Balangdalalu, mimi nikapanda hilo moja na shati jeupe na tai, kwenda Gehandu kushuhudia ushindi wangu. Jamani, nikakuta rundo la magunia kama nyumba, kina mama washonaji wa magunia wamekaa juu yake, na mvua inashuka kutoka mlimani. Mmoja akaniuliza, "Mengine utayabeba na tai?" Wakacheka mpaka wakashikana. Tukahangaika na maturubai, lakini magunia mengi yalilowa, na ni kwenye matope yale ndipo akili iliponijia: mashine iliishia kwenye mkato, ikasoma moja, mia mbili arobaini ikazitupa, na yale maneno yalikuwa onyo.

Meneja alipofika pamoja na Mzee Bura, alimgeukia mzee. "Mashine haikosei. Uliandika uongo, kesho usije kazini."

Nilitamani kunyamaza (Mungu anisamehe), ila nikayasema yote mbele ya watu.

Mzee alifuta maji usoni. "Mwanangu, nilikuuliza kwa sababu nilikuamini."

Hapo nililia, kina mama wananiona. Mzee alibaki kazini, na programu niliirekebisha wiki ileile, ikawa inaondoa mkato kwanza. Na niliapa: nikiulizwa nisichokijua, nasema sijui, hata mgeni akiwa waziri.