Mkono Uko Kanisani, Mwenyewe Yuko kwa Boila

Jumapili asubuhi, ukungu bado haujaachia mabonde ya Kimulot. Nyuma ya kiwanda cha chai, Phelix Ogada anainama, anabeba gogo la mkaratusi, analitupa ndani ya mdomo wa boila, kisha anaruka nyuma kabla moto haujamlamba uso. Jasho linamtiririka shingoni, na bado kila akipumua pumzi yake inaonekana kwa sababu ya baridi.

Mara, kutoka ng'ambo ya mashamba, ngoma inalia.

Ni ngoma kubwa ya ngozi, nzito, yenye mkono usio na haraka. Spika za kanisa zimeelekezwa bondeni, na sauti inateleza juu ya majani ya chai mpaka hapa penye kuni. Wapakiaji wenzake wawili wanaacha kazi na kumtazama.

"Ogada, si huyo ni wewe?" mmoja anauliza.

"Ni mimi."

"Sasa uko huko ama uko hapa?"

"Huko naabudu. Hapa natafuta unga."

"Basi waambie wakuletee soda ukimaliza kupiga!"

Wanacheka wote watatu. Ogada ndiye wa kwanza kuacha kucheka. Anachukua gogo lingine.

Utani huo ni wa kila Jumapili, na una ukweli ndani yake. Anayesikika kanisani ni Ogada, lakini ni Ogada wa kaseti iliyorekodiwa mwishoni mwa mwaka 1991. Tangu arudi eneo hili miaka miwili iliyopita, ameruhusiwa kuigusa ngoma ile mara moja tu, na mara hiyo iliharibika vibaya. Anachotaka ni kitu kimoja: kuketi tena nyuma yake.

"Mimi sitaki wanilipe," anasema akipangusa uso kwa mkono wa shati. "Nataka wanione nikipiga."

Ogada ana umri wa miaka arobaini na moja. Baba yake alitoka upande wa ziwa kuja kuchuma chai kabla ya Uhuru, na yeye akazaliwa katika nyumba za wafanyakazi.

"Nimezaliwa hapa hapa. Kipsigis nilikijua kabla Kijaluo changu hakijakaa sawa," anasema. "Hata leo ukinikanyaga mguu, nitalia kwa Kipsigis."

Ngoma aliitengeneza mwenyewe. Ngozi alipewa kwenye harusi ya binti wa mzee mmoja wa kanisa, akaiwamba wiki nzima nje ya nyumba yake, watoto wa jirani wakifukuza mbwa. Aliipiga miaka tisa bila kukosa ibada, labda awe na malaria.

Kisha kanisa likanunua kinanda kidogo cha umeme, kinachotumia betri ya gari. Kijana mmoja mwalimu wa shule ya msingi, Kipruto, akapewa akipige. Kipruto alikuwa na vidole vyepesi na ugonjwa mmoja.

"Nilikuwa nakimbia," anakiri Kipruto mwenyewe, akicheka kwa aibu. "Wimbo ukiwa mtamu, mimi huyo! Kwaya wako ubeti wa pili, mimi nimemaliza. Wamama walikuwa wananiuliza kama nimeacha sufuria kwa moto."

Ndipo akapata wazo la kurekodi ngoma ya Ogada ili afanye mazoezi peke yake siku za shule. Aliazima redio yenye maikrofoni mbili akaipeleka nyumbani kwa Ogada alasiri moja. Maikrofoni ya kwanza aliiweka mbele ya ngoma. Ya pili aliiweka mlangoni pa jikoni, kwa mke wa Ogada, Dorcus Adongo, ambaye alipewa kijiko na chupa tupu ya soda.

Kazi ya Adongo ilikuwa kugonga tu. Tik, tik, tik, tik, sawasawa, bila kuongeza wala kupunguza. Mume wake alimfuata yeye. Zote mbili zikaingia kwa wakati mmoja, njia moja ya utepe ikashika ngoma, njia ya pili ikashika chupa. Hadi leo ngoma hutumwa kwa spika, waumini waisikie. Tik-tik huenda kwa waya mwembamba mpaka ndani ya sikio la Kipruto, asikimbie. Hakuna mwingine anayeisikia.

"Kipruto aliniambia, 'Mama Nelvine, hata nyumba ikishika moto usiache kugonga,'" anakumbuka Adongo. "Na mimi sikuacha."

Walirekodi nyimbo sita. Kila wimbo, Kipruto alikata kipande kizuri na kukinakili kwa redio ya kaseti mbili, kipande kikiisha kinaanza tena, kikiisha kinaanza tena, mpaka kikatosha wimbo mzima.

Miezi michache baadaye zikaja vurugu za kikabila za mwaka 1992. Nyumba zilipoanza kuchomwa kuelekea mpakani, Ogada na Adongo walibeba mtoto na godoro, wakaondoka. Ngoma ilikuwa kanisani. Waliiacha.

Jumapili iliyofuata hakukuwa na mpigaji. Kipruto akaweka kaseti. "Nilifikiria ni Jumapili moja tu," anasema.

Ikawa desturi. Kaseti ikanakiliwa, ikapelekwa kwa kanisa moja la Ndanai, na nyingine Kabianga, ambako waumini wanaamini mpigaji ni mtu wa studio ya Nairobi. "Yaani mimi nimefika Ndanai," anasema Ogada, "na Ndanai sijawahi kwenda."

Waliporudi mwaka 1994, kiwanda hakikuwa tena na nafasi ya kudumu kwake. Nyumba yake ilikuwa na mtu mwingine, pazia lingine dirishani. Alichukuliwa kibarua wa kuni, shilingi themanini na tano kwa siku, siku ambazo kuni zipo. Wanaishi katika chumba kimoja nyuma ya kinu cha posho, na kinu kinaponguruma, vikombe hutembea juu ya meza.

Kanisani walipokewa vizuri, Ogada anasema, na haongei kwa kejeli.

"Walinisalimia kwa mikono miwili. Waliniombea. Mchungaji akasema tumshukuru Mungu ndugu yetu yuko hai. Halafu nikaonyeshwa kiti cha nyuma, Kipruto akabonyeza redio, na mimi nikaanza kulia kule mbele. Nimekaa nyuma najisikiliza."

Alingoja wiki, akangoja mwezi. Alipouliza, mzee mmoja alimwambia taratibu kwamba huko mbele watu wameshazoea, tusiamshe maneno. Mchungaji Johana, mtu mpole anayepima kila neno, analieleza jambo hilo hivi: "Kaseti haina kabila. Ukiweka mtu, watu wataanza kuuliza kwa nini huyu, kwa nini si yule. Mimi nina kanisa la kuchunga."

Ogada alisomewa maneno hayo. "Basi mkono wangu ni mwenyeji," alisema. "Mgeni ni mimi."

Ila kuna jambo lililomuuma kuliko kiti cha nyuma, nalo liko katika wimbo wa sadaka.

Katika wimbo huo waumini hutoka kwenye viti wakicheza kwa mstari mpaka mbele, penye vikapu vya sadaka. Kila ubeti, mahali pale pale, ngoma hukosa pigo moja. Kunakuwa kimya, kama mtu aliyetaka kusema neno akalimeza. Waumini wamejifunza kukicheza kimya hicho. Mguu unainuliwa, mstari mzima unasimama kwa mguu mmoja, kisha wote wanaruka mbele pamoja. Watoto wanakiita shimo. Wimbo wenyewe sasa unaitwa wimbo wa kuruka shimo, na kuna wanaokuja kanisani kwa ajili yake.

Kwa miaka, ni Kipruto, Ogada na Adongo pekee waliojua shimo hilo limetoka wapi.

Alasiri ile ya kurekodi, Nelvine, mtoto wao wa pekee, alikuwa ameanza kusimama kwa kushika viti. Wakiwa katikati ya wimbo wa sadaka aliachilia kiti, akamwendea baba yake hatua mbili tatu, na kichwa chake kikafika karibu kabisa na fimbo ya ngoma. Ogada aliinua mkono wa kulia, akamsukuma mtoto polepole kifuani ili asigongwe, kisha akaendelea. Pigo moja likapotea.

"Alikaa chini pu! kwa matako," anasema Adongo. "Akamwangalia baba yake. Akacheka. Mimi nilitaka kwenda kumchukua, lakini niliambiwa nisiache kugonga. Nikagonga."

Kaseti ilikuwa karibu kuisha. Kipande hicho ndicho pekee cha wimbo wa sadaka alichobaki nacho Kipruto, kwa hiyo ndicho alichokinakili tena na tena.

Nelvine alifariki Mei 1992, kwa surua, katika darasa la shule walikokuwa wamelala na familia nyingine nyingi. Hakuwa ametimiza miaka miwili.

Adongo alirudi kanisani mara moja tu. Aliposikia kimya kile na kuona mstari wa watu umeinua mguu, wanacheka, alitoka nje, na hajaingia tena. Mume wake aliendelea kwenda, ila wimbo wa sadaka ulipoanza alitoka kusimama penye tangi la maji.

"Hawajui," anasema Adongo. Kwa muda mrefu anakunja na kukunjua leso yake mapajani. "Nimejiambia mara nyingi, hawa watu hawajui. Lakini wanaruka juu ya mtoto wangu kila Jumapili, na mimi siwezi kuzoea."

Mbona hawakusema? Kipruto anainamisha macho anapoulizwa. "Ningesema nini, na watoto wanaipenda hivyo? Nilingoja Mzee Ogada aseme. Mzee naye labda alingoja mimi."

Novemba iliyopita, redio ilimeza kaseti. Ilikuwa asubuhi ya Jumapili, watu wameshaanza kuingia, utepe umejisokota ndani kama matumbo ya kuku. Kipruto alituma mtu mbio kwa kinu cha posho. Ogada alifika na shati la kuazima, mikono ikiwa mirefu kuliko yake, akaketi nyuma ya ngoma aliyoiwamba mwenyewe.

Nyimbo za kwanza zilikwenda vizuri. Wengine waligeuka kumtazama wakatabasamu. Kisha ukafika wimbo wa sadaka, na Ogada akafanya jambo alilokuwa ameliwaza tangu arudi. Akalipiga pigo lile.

"Sikukosea," anasema. "Nilitaka kulifunika lile shimo. Nilifikiria, leo nikilifunika, wataacha kuruka."

Mguu uliokuwa umeinuliwa haukujua pa kutua. Mstari uligongana. Kina mama wawili waliangukiana, kikapu kikapinduka, sarafu zikaviringika mpaka chini ya mimbari. Mwalimu wa kwaya, Tecla, mwanamke mrefu asiyeficha neno, aliinua mikono juu.

"Mzee! Mzee, simama! Unatupeleka wapi?"

"Wimbo uko hivi," Ogada alijibu.

"Hauko hivyo! Uko na shimo. Hata watoto wa Sunday school wanajua shimo. Ngoja nikuonyeshe." Akapiga makofi mbele ya kanisa zima, akimfundisha: "Tum, tum, tum, halafu unanyamaza. Umeona? Unanyamaza! Si ngumu."

Nyuma, kijana mmoja alisema kwa sauti, "Afadhali yule wa kaseti!" Kanisa likacheka.

Ogada aliziweka fimbo juu ya ngozi, akatoka. Wiki hiyo Kipruto aliukata utepe ulioharibika, akaunganisha kwa gundi, na kaseti ikarudi kazini. Ogada naye akaomba zamu ya Jumapili kwa boila, bila kusema kwa nini. Hakujua kwamba spika zinafika huko.

Tecla, alipoelezwa na mwandishi wa habari hii asili ya shimo lile, alikaa kwenye benchi nje ya kanisa. "Nilimfundisha mbele ya watu," alisema. "Mungu wangu. Nilimpigia makofi."

Ni yeye aliyekwenda kwa mchungaji. Baada ya vikao viwili, wazee wamekubali Ogada apige ngoma siku ya Pasaka, kwa masharti. Atavaa waya wa sikioni na kufuata tik-tik, ili asitoke kwenye mwendo ambao waumini wameuzoea. Na shimo libaki. Tecla alijaribu kupigania liondolewe, lakini wazee walisema wimbo sasa ni wa kanisa.

Mwanzoni Ogada alikataa. Alisema hawezi kupiga ngoma yake akiongozwa na kaseti kama ng'ombe wa kulimia.

"Nilimwambia, Baba Nelvine, wewe hutaongozwa na kaseti," anasema Adongo. "Ile sauti ya chupa ni mimi. Ni mimi nikiwa mlangoni, na mtoto yuko ndani ya nyumba. Wewe unifuate mimi, kama siku ile."

Yeye mwenyewe hajaamua kama ataingia kanisani siku hiyo. Labda atasimama penye tangi. Labda atafika mlangoni.

Ogada ameshaomba ruhusa ya Pasaka kwa msimamizi wa kuni, na mara hii hakuona haja ya kuficha sababu. Jumamosi ataenda mazoezini kwa mara ya kwanza. Amechonga fimbo mpya za mti wa kahawa, kwa sababu zile za zamani zilikuwa na ufa.

Na lile pigo la wimbo wa sadaka?

Anatazama kiganja chake cha kulia, kimejaa sugu za kuni, anakigeuza.

"Pigo nitaliacha, vile wanataka," anasema. "Lakini mkono utaenda, kama siku ile."