Nyasi za Paa Ndani ya Chungu

Siku moja ya mwezi wa Septemba haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa siku hizi nasahau hata nilikoiweka miwani. Nilikuwa mwalimu kijana wa sayansi hapa Chiwata, na majivuno yangu yalikuwa yakiingia darasani kabla yangu.

Ulikuwa msimu wa kusafisha mashamba ya korosho. Magugu na majani makavu yalikusanywa na kuchomwa, moshi ukatanda tangu asubuhi. Shangazi yangu Asumini, aliyenilea, alikuwa na pumu. Majirani walimhurumia, wakanifuata kuuliza kama waache kuchoma. Wakati huo mtaalamu mmoja wa hali ya hewa alikuwa ametundika kipimo shuleni kwetu, nacho kilionyesha kiwango cha gesi ya ozoni kinapanda kila alasiri. Mimi chuoni nilikuwa nimefundishwa kwamba ozoni ni paa la dunia, hutukinga na makali ya jua. Basi nikawajibu wachome tu, maana kwa moshi huo tunaliongezea paa unene. Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Wakafurahi, wakawasha moto.

Siku ya tatu shangazi alipelekwa zahanati juu ya baiskeli, midomo imebadilika rangi. Nilipofika nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa shida. Alikuwa amekwisha kuambiwa niliyoyasema. Akavuta pumzi, akaniambia polepole:

"Baba, nyasi za paa zikiangukia kwenye chungu, bado utaziita paa?"

Niliona aibu, na mpaka leo naiona. Nikaondoka pale moja kwa moja kumtafuta mtaalamu. Alinieleza kwamba chembe za moshi hazipiti bure: gesi hutua juu yake, hukutana, hubadilika, na jua likiwaka ozoni huzaliwa huku huku chini tunakovuta pumzi, ikaunguza mapafu. Huko juu sana inakohitajika, mambo ni kinyume. Gesi zilizotoka kwenye mafriji ya zamani hubadilika juu ya chembe za barafu za mawingu ya huko, kisha hulitafuna paa lenyewe.

Kesho yake nilisimama mbele ya majirani wale wale, nikasema nilikosea. Mzee mmoja akanitania kwamba leo mwalimu kapata sifuri. Nikamkubalia, kisha nikashika jembe, nikawa wa kwanza kuchimba shimo la kufukia magugu. Baadhi walinifuata. Waliobaki nawafuata mimi mpaka leo, nyumba kwa nyumba, na sitachoka. Shangazi alipona, akaishi miaka mingi, ila kila Septemba kikohozi chake kilinikumbusha neno langu.

Basi mwanangu, usimpe mtu neno unalolijua nusu. Kabla hujasema kitu ni kizuri, uliza kwanza kiko wapi. Ukikosea, rudi pale pale uliposemea, mbele ya wale wale waliokusikia; kuteleza si kuanguka. Na magugu ya mikorosho yako yafukie, yatakurudia kuwa mbolea.

Mungu akujalie kifua chepesi na ulimi usio na haraka.