Kulabu ya Pembea

Juzi nilimnunulia binti yangu pembea, na harufu ya chuma kipya ikanirudisha utotoni, uani kwetu katika mji wa Al Amerat. Baba, aliyekuwa mtaalamu wa chuma cha pua huko Urusi enzi za Wasovieti, aliisugua kulabu ya pembea yangu kwenye mashine ya kunolea, akazitazama cheche ili kuujua ubora wa chuma chake.

"Hii sikufungii, mwanangu. Siiamini."

Nililia, nikidhani ananiadhibu kwa kuvunja kikombe cha kahawa.

Miaka mingi baadaye, tulipokwisha kumzika Baba, ammi yangu, ndugu yake, akaniambia kuwa kule kiwandani kulabu ya kreni aliyoikagua na kuipitisha Baba mwenyewe ilikatika, ikamuua rafiki yake.

Pembea ya binti yangu bado imo ndani ya boksi. Kila alasiri huniuliza, "Mama, nimefanya kosa gani?"