Niliambiwa rota itazame saa sita, nusura nikose mke

Wakuu, salaam kwenu nyote. Mafundi, na sisi tunaojiita mafundi.

Haya ninayoandika yametokea, na pickup yenyewe iko hapo nje naiona. Atakayebisha aje Kilosa nimpe spana ajaribu mwenyewe.

Nilikuwa napeleka posa Mikumi. Binti anaitwa Rehema. Kikawaida muoaji haendi, wanaenda wazee. Kwangu walikuwa baba mdogo kama mshenga, na shangazi. Lakini gari ni langu na dereva ni mimi, kwa hiyo tukakubaliana nitawashusha halafu nibaki ndani ya gari nimetulia kama mzigo.

Rehema alinionya kitu kimoja. Baba yake akisema saa nane, ni saa nane. Kuna washenga wa jamaa mwingine walichelewa, wakakuta geti limefungwa, wakarudi na barua yao.

Sasa pickup yangu ni ya zamani, ya kabureta na distributor, kile kidude kinachogawa moto kwa plagi. Ilikuwa inavuja oili pale distributor inapoingia kwenye injini. Nikaona aibu kwenda kumdondoshea mkwe oili uwanjani. Jioni ya kuamkia safari nikaichomoa, nikabadilisha oring, kile kimpira cha kuzuia oili.

Kupiga alama ya ilivyokaa kabla ya kuchomoa? Sikupiga. Humu kuna wajuaji, ila mimi nilikuwa mwenyekiti wao.

Asubuhi nikairudisha, nikapiga stata. Ikakohoa, ikanyamaza. Nikapiga tena.

PAH!

Kabureta ikatema moto. Kuku wa jirani wakaruka uzio. Shangazi, ndani ya kanga mpya, akaanza kusoma dua.

Nikaingia kwenye uchunguzi. Plagi nikatoa, inachoma vizuri. Mafuta yanafika. Nikaweka kidole kwenye tundu la plagi, upepo unasukuma. Nikabaki namshuku jirani.

Fundi wangu alikuwa Msowero kwenye trekta la mtu, simu haipatikani. Nikamwambia Rehema. Akanitumia namba na maneno haya: "Ni fundi wa zamani, ametengeneza sana malori ya miwa Kidodi. Usimwambie nani kakupa namba, na jina lako usitaje."

Sikuuliza kwa nini. Nilikuwa na haraka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sema."

Nikamweleza. Akauliza moto upo? Upo. Mafuta? Yapo. Compression? Ipo, upepo unasukuma.

"Basi kila kitu kipo, wakati ndiyo haupo. Hiyo ni taimingi."

Akanielekeza nipandishe pistoni namba moja mpaka juu, ikiwa inabana upepo. Nisimame mbele ya gari, niitazame distributor kama naangalia saa ya ukutani, na rota inayozunguka ndani yake ndiyo mshale.

"Rota itazame saa sita. Kaza nati, washa."

Wakuu, kwa fundi kila kitu ni namba. Spana namba kumi na mbili, silinda namba moja. Nikajua mzee anaongea namba. Nikaielekeza rota chini kabisa, kwenye sita.

PAH! Safari hii na ekzosi nayo ikajibu. Baba mdogo, aliyekuwa ameshakaa kiti cha mbele, akashuka bila kuaga.

Nikafungua, nikafunga, nikarudia mara nne. Rota ileile, sita ileile. Betri ikaanza kuchoka. Muda huo jua lilikuwa utosini, na kwa pickup yangu Mikumi ni mwendo wa saa moja na nusu. Machozi yalinilenga, sifichi. Nilikuwa namuona Rehema anaondoka hivi hivi kwa sababu ya oring.

Nikampigia tena yule fundi, safari hii kwa hasira.

"Mzee, maelekezo yako hayafanyi kazi! Na mimi nina posa saa nane, na huyo baba wa binti nasikia ni mnoko hatari."

"Mnoko?"

"Ndiyo mzee. Ukichelewa dakika tano tu anafunga geti."

Akauliza kwa upole, "Saa ngapi hapo ulipo?"

"Saa sita kamili, mzee."

"Una saa ya mshale hapo?"

Nikavuta mkono wa baba mdogo.

"Ninayo."

"Mshale mfupi unatazama wapi?"

"Unatazama ju..."

Wakuu, tangu utoto mshale ukiwa kwenye kumi na mbili mimi naita saa sita. Siku moja tu niliyotakiwa kukumbuka, nikawa Mzungu.

"Mzee, nimeiweka kwenye namba sita. Nimekosea mimi."

Alicheka mpaka akakohoa. "Umeiweka kichwa chini miguu juu. Plagi inachoma wakati valvu ziko wazi, lazima iteme moto. Igeuze, uwahi kwa huyo mnoko wako."

Nikageuza. Betri ilikuwa imekata kabisa, tukasukuma, shangazi na kanga yake mpya akiwemo. Ikawaka! Ilikuwa inatetemeka, lakini inakwenda.

Mikumi tumefika saa nane kasoro dakika mbili. Geti liko wazi. Wazee wakaingia, mimi nikabaki garini. Kuzima siwezi, betri imekufa. Basi posa yangu ikasomwa huku gari linanguruma na kukwama kwama nje ya dirisha la mkwe.

Kama robo saa hivi, mlango ukafunguliwa. Akatoka mzee mwenye kanzu. Mkononi ana spana namba kumi na mbili.

"Shikamoo mzee."

Akasimama. "Marahaba. Hebu niamkie tena."

"Shi... shikamoo."

Hapo na mimi nikaitambua sauti. Nilitamani kuingia ndani ya redieta.

Akafungua boneti, akalegeza nati, akaizungusha distributor kidogo sana kwa vidole viwili, sikio ameliinamisha. Injini ikatulia tuli. Akakaza, akafuta mikono kwa kitambaa changu.

"Mnoko amemaliza. Ingia ndani unywe chai."

Baba mdogo aliniambia baadaye kwamba mle ndani mzee alikuwa hajajibu lolote, anadai kelele ile haimpi nafasi ya kufikiri. Aliporudi ndipo akajibu. Alisema, "Huyu alikosea, akasema nimekosea. Wengine wangesingizia betri."

Nilichojifunza: ukichomoa distributor piga alama, na piga picha. Na kabla hujamsema mtu kwenye simu, jua kwanza unaongea na nani.

Kadi za harusi alizikagua mwenyewe. Yangu, palipoandikwa "saa sita mchana", aliongeza kwa kalamu: "ile ya juu".

Haya, wenye magari ya distributor na wenye wakwe, shusheni yenu hapa chini. Ila tutumie lugha nzuri, mzee naye kajiunga humu wiki iliyopita.